Okidi za Chumba cha Kisimani

Wengi waliokwenda kwa Biubwa kuona maua waliondoka wakihisi wamechezewa. Walikuwa wamesikia kwamba katika nyumba moja ya mawe huko Mji Mkongwe wa Bagamoyo yupo mwanamke anayekuza maua ya milimani ndani ya friji, nao wakaja simu mkononi, tayari kupiga picha. Biubwa aliwakaribisha, akawapitisha ukumbini mpaka uani, akawaingiza katika chumba kidogo kilichopakana na kisima. Humo mlikuwa na friji kuukuu la soda, lile refu lenye mlango wa kioo, ambalo halikugandisha kitu tena tangu mwenye duka alipolitupa. Ndani yake vilipangwa vipande vya matawi vilivyoota kuvumwani, ule mmea laini kama manyoya unaofunika magome ya miti, na juu ya manyoya hayo ya kijani kulikuwa na vijani vidogo vidogo, vingine havifiki hata ukubwa wa ukucha wa mtoto.

"Sasa maua yako wapi, Bi Biubwa?"

"Unayatazama."

Ilibidi awape kioo cha kukuzia, kile ambacho marehemu baba yake alikuwa akisomea msahafu. Hapo ndipo walipoona ua jeupe, dogo kuliko punje ya mchele, lenye midomo na ulimi, na juu ya ulimi michirizi ya zambarau kana kwamba mtu amekaa akaichora. Wengine walisema subhanallah. Wengine waliuliza yanatibu nini. Biubwa alipowajibu kwamba hayatibu kitu, hayaliwi wala hayauzwi, walimtazama kwa huruma, kisha wakatazamana wenyewe kwa wenyewe.

Huruma ile aliijua vizuri. Alikuwa mwanamke aliyeachwa, asiye na mtoto, aliyerudi kwao. Katika mtaa ule maneno hayo yalitosha.

Aliolewa akiwa bado msichana, na Adamu, kijana wa Morogoro aliyekuwa akiendesha gari la watu wa misitu. Adamu alimchukua akampeleka kwao, kijiji kilicho juu kabisa katika milima ya Uluguru, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na nguo ikianikwa leo haikauki hata keshokutwa. Biubwa, mtoto wa pwani, alilia miezi ya mwanzo. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulimchoma macho, na baridi ilimfanya alale na kanga tatu juu ya blanketi.

Kisha msimu mmoja wa mvua mti mkubwa ulianguka ukaziba njia ya kwenda mtoni. Wanawake wa kijiji walitoka na mapanga kukata kuni, naye akafuatana nao. Wenzake walianzia kwenye shina. Yeye alikwenda mpaka kwenye kilele, kule kwenye matawi ambayo mti ukisimama hakuna mtu anayeyaona, akakuta yamevaa mimea midogo ajabu, mingi mno, na mingine ina maua. Alichuchumaa pale mpaka wenzake wakamwita mara mbili. Miaka yote watu walikuwa wakipita chini ya bustani ile na mizigo yao kichwani, na hakuna aliyeijua.

"Wale wazungu wa utafiti wanaziita okidi," Adamu alimwambia jioni. "Hizo ni za msitu wa mawingu. Ukizitoa huku zinakufa."

Biubwa hakuzitoa huku. Alibeba tawi moja akalitundika kwenye upenu wa jiko, upande usiopigwa jua. Tangu siku hiyo, kila mti ulipoanguka, alikwenda. Mti mzima hakuugusa. Aliokota tu kile ambacho kingeoza. Baada ya misimu michache upenu wote ulijaa, na wanawake waliokuwa wakipita na watoto mgongoni walimtania kwamba naye anabeba, ila amebeba majani.

Utani huo ulianza kwa kucheka na ukaishia pabaya. Mama mkwe alimletea mizizi. Akainywa. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji. Akalinywa nalo. Mwishowe alishuka hospitali mjini Morogoro, wakampima, wakamwambia hawaoni kasoro, aje na mume wake. Adamu alisema ana safari za kazi. Alipoambiwa mara ya pili alisema vilevile, na mara ya tatu akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Haukupita mwaka akamwacha. Hakumpiga wala hakumtukana. Alisema, "Tumejaribu, Biubwa. Mungu hakupenda," akampakia yeye mwenyewe begi lake kwenye gari. Biubwa aliomba nafasi ya boksi moja. Ndani ya boksi aliweka matawi yake, ameyafunga kwa kuvumwani iliyolowa, na alishuka nalo mlimani akiwa amelipakata.

Bagamoyo iliua okidi nyingi upesi. Joto la Januari lilikausha vijani vikawa kama makombo ya chai. Zilizobaki alizimwagilia maji ya kisimani, na maji ya kisima kile yana chumvi, yakazichoma mizizi ndani ya wiki. Mama yake, Bi Kuruthumu, alimkuta uani analia juu ya tawi bovu, akadhani analia kwa ajili ya Adamu. Biubwa hakumsahihisha.

Alijifunza kwa kukosea. Alitega mapipa chini ya bati kukinga maji ya mvua, na hayo hakuna aliyeruhusiwa kuyaogea hata kiangazi kilipobana vipi. Aligundua kwamba chumba cha kisimani, chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ndicho chenye ubaridi kuliko vyote. Mwenye duka la kona alipotupa friji, Biubwa aliliona lile jasho kwenye kioo chake, akakumbuka madirisha ya kule mlimani. Akaliomba. Alitoa mashine yake, akaligeuza mlango uelekee mwanga wa uani, akafunga kijifeni kilichotolewa kwenye kompyuta mbovu ili hewa izunguke. Mchana okidi zilivumilia. Shida yao ilikuwa jioni, kwa sababu kule kwao giza likiingia baridi huingia nalo, na bila hiyo baridi hazipumziki. Basi kila baada ya Asri Biubwa alikwenda soko la samaki na ndoo yake kuchukua barafu ya wavuvi, akaipanga kwenye chupa chini kabisa mwa friji. Wauza samaki walikwisha kumzoea. Walimwita Bi Barafu.

Baada ya hapo hazikufa tena, ila moja moja, koa walipozishambulia. Alizipa majina. Iliyotambaa na vijani vilivyoungana kama shanga aliiita Mkufu. Ile yenye ua jeupe lisilozidi kichwa cha pini aliiita Kipini. Mkufu ulimchukua miaka mingi kuzaa ua, na lilipotoka lilikuwa la rangi ya tangawizi, limeinama, kana kwamba linaona haya kutazamwa. Biubwa siku hiyo hakupika.

Mama yake ndiye aliyemkatisha furaha hiyo. Mdogo wake Biubwa, Bwanaheri, aliyekuwa akiuza marumaru Dar es Salaam, alikuwa amepita Morogoro kwa biashara, akarudi na habari. Alimkuta Adamu sokoni na mke mpya na watoto wawili, mmoja amemshika mkono, mwingine begani.

"Umesikia?" Bi Kuruthumu alisema, akiwa ameketi kwenye kiti chake ukumbini. "Mwenzio ana watoto wawili. Wewe una magugu kwenye friji."

Mpaka siku hiyo Biubwa alikuwa na shaka ndogo aliyokuwa akijifariji nayo, kwa ajili ya yale maneno ya hospitali. Sasa ikaisha. Aliona kwamba kasoro ilikuwa yake kweli, ila haikuonekana kwa vipimo. Alikubali. Alikubali kiasi kwamba mtu akimuuliza, alijibu mwenyewe kabla hajamaliziwa swali: mimi sizai.

Miaka ikapita hivyo. Kisha Bi Kuruthumu akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ulikufa, na ulimi ukawa mzito ila si kwa maneno makali. Biubwa alimwogesha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko. Joto lilimtesa mgonjwa mpaka akaomba alazwe chumba cha kisimani, kwa hiyo kitanda chake kikawekwa pale pale, kando ya friji. Mama na okidi wakagawana ubaridi ule mmoja. Usiku mama alilalamika kwamba amewekwa kulala na majani kama mbuzi. Mchana, mwanawe akiwa hayupo, jirani mmoja alimkuta ameutazama mlango wa kioo kwa muda mrefu. Alipoulizwa anatazama nini, alisema, "Hakuna kitu."

Bwanaheri alikuja kila alipoweza, yaani mara chache. Alipokuja, mama aling'aa. Siku moja alimshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akamuuliza itakuwaje nyumba.

"Mama, usiwe na wasiwasi," Bwanaheri alisema. Biubwa alikuwa mlangoni na beseni la maji. "Dada haondoki hapa. Mimi nina kwangu. Nyumba hii nimekwisha muachia yeye."

"Umesikia, Biubwa?" mama alisema. "Mshukuru mdogo wako."

"Ahsante, Bwanaheri," Biubwa alisema.

Bi Kuruthumu alifariki katika joto la Februari, asubuhi, wakati Biubwa akimpepea. Jina la mwisho alilolitaja lilikuwa la Bwanaheri.

Baada ya arobaini Bwanaheri alifika na shehe na mtu mwingine aliyevaa vizuri, ambaye hakukaa. Alitembea huku na huku akigonga kuta na kupima uani kwa hatua. Shehe alieleza mirathi kama ilivyo: mafungu mawili ya mwanamume, fungu moja la mwanamke. Biubwa hakuwa na neno juu ya hilo, ndiyo sheria ya dini yake. Kisha Bwanaheri akasema kwamba kwa kuwa nyumba haigawanyiki, imepata mnunuzi, anataka kufanya hoteli.

Biubwa alingoja shehe atoke. Kisha akamfuata ndugu yake ukumbini.

"Bwanaheri. Ulisema mbele ya mama."

"Nilisema nini?"

"Unajua."

Bwanaheri alishusha pumzi, akakaa, akajifuta jasho. "Dada, yule alikuwa mgonjwa. Nilisema vile ili atulie. Ulitaka nimwambie nini?"

"Na mimi? Mimi nilikuwa na beseni pale mlangoni. Mimi uliniambia ili nifanye nini?"

Bwanaheri akasema tu kwamba hamtupi, kwamba amemtafutia nyumba nzuri Kerege, kando ya barabara, ina umeme na maji, karibu na msikiti. Alisema hivyo kwa upole wa kweli, na huo upole ndio uliomkera Biubwa kuliko kama angemfokea.

Nyumba ya Kerege ilikuwa na vyumba viwili vya tofali na bati bila dari. Saa nne asubuhi ndani yake ukiweka siagi inayeyuka. Biubwa alihama na friji lake kwenye kirikuu cha kubebea mizigo, lakini friji lile halikuwa na maana bila kuta za matumbawe na bila soko la samaki la kuliendea kila jioni. Alinunua barafu za vifuko dukani. Alitundika magunia yaliyolowa madirishani. Alitoboa tundu ukutani. Majirani walimshangaa, wakamwacha. Haukupita muda mrefu vijani vya Mkufu vikaanza kugeuka njano kutoka mwisho, shanga moja, kisha ya pili. Alijua dalili hiyo. Alikuwa ameiona mara ya kwanza alipoachwa.

Hapo ndipo alipoamua kuzirudisha zilikotoka. Kama zilikuwa hazina budi kuondoka mikononi mwake, afadhali ziondoke zikiwa hai.

Alikuwa amepata kufahamiana na Shuaibu, mkulima wa mananasi wa Fukayosi, aliyekuwa akipeleka mzigo Morogoro kwa pikapu. Shuaibu alimpa nafasi ya mbele, na boksi la okidi likakaa miguuni pake, limezungukwa na vifuko vya barafu. Waliondoka alfajiri. Njia nzima Biubwa alikuwa akifunua kifuniko, akipulizia maji ya mvua kwa ile chupa ya kunyunyizia nguo za pasi, akifunika. Karibu na Ubena kulikuwa na kizuizi cha kukagua mkaa na mbao. Kijana wa ukaguzi alitazama mananasi, kisha akaomba boksi lifunguliwe.

"Haya nini, mama?"

"Okidi. Za milimani."

"Unazitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nazirudisha msituni."

Kijana yule alimtazama, akamtazama Shuaibu, akacheka. "Mama, watu wote wanatoa majani huko mlimani. Wewe ndiwe wa kwanza kuyapeleka." Akawapisha. Kufika Morogoro barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji, na chini ya boksi karatasi ilikuwa imelegea kama mkate uliochovywa chai.

Mlimani alipanda na pikipiki, boksi katikati yake na dereva. Alikuwa akingoja ile sehemu ambapo njia inaingia msituni na mwanga unakuwa wa kijani. Haikufika. Palipokuwa na msitu palikuwa na kabichi, matuta kwa matuta mpaka juu, na kijiji kilionekana kutoka mbali, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Jua lilikuwa linawaka. Upenu wa lile jiko lake ulikuwapo bado, umetundikwa masufuria.

Aliyemfungulia ni mwanamke mnene, mdogo kwake kwa umri, aliyefunga kilemba cha kanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Namtafuta Adamu. Mimi ni Biubwa."

Mwanamke akaufungua mlango wote. "Mimi ni Sada," alisema. "Karibu ndani. Nimekusikia miaka yote."

Adamu alikuwa amezeeka vibaya. Magoti yalikuwa yamevimba na alitembea kwa fimbo. Alimsalimu Biubwa bila kumtazama usoni, akamsikiliza haja yake, akaonyesha kwa fimbo ukanda mweusi uliobaki juu kabisa ya mgongo wa mlima. Msitu wenyewe ndio ule, alisema. Yeye hawezi kupanda. Biubwa hakuwa ametaka apande. Sada ndiye aliyevaa viatu vya mpira, akachukua panga na boksi.

Walipanda mpaka kabichi zikaisha. Kisha miti ikaanza, na ukungu, na ile harufu ya majani yanayooza ambayo Biubwa hakuwa ameinusa tangu ujana wake. Alisimama kidogo, amejishika kiuno. Wakatafuta miti yenye magome ya kukwaruza na kuvumwani nyingi. Biubwa aliyafunga matawi yake moja moja kwa vitambaa alivyochana kwenye soksi ndefu, akisukuma mizizi ndani ya manyoya kwa kidole, na Sada akimshikia. Sada hakucheka wala hakuuliza yanatibu nini.

"Watoto wako wako wapi siku hizi?" Biubwa aliuliza, kwa adabu tu.

"Mmoja Ifakara, mmoja yuko Dodoma."

"Wanamsaidia baba yao?"

"Baba yao yuko Kilosa, yule hahitaji msaada," Sada alisema. Kisha akaona uso wa Biubwa. "Dada, hukuambiwa? Wale nilikuja nao. Ni wa mume wangu wa kwanza. Adamu aliwalea, wakamwita baba, lakini kuzaa..." Akatikisa kichwa. "Kwa Adamu sikupata hata mimba ya kuharibika."

Biubwa alikuwa ameshika fundo la kitambaa. Hakuliachia.

"Naye anajua?"

"Anajua. Alipimwa hospitali ya misheni alipokwenda kutibiwa ngiri. Wewe ulikuwa bado mkewe. Mimi aliniambia wazi wakati ananiposa, kwamba ananioa kwa sababu nina wangu tayari." Sada alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Nilidhani na wewe alikwambia. Nilidhani ndiyo sababu uliondoka."

Biubwa akamaliza kufunga fundo. Akatazama kama limekaza. Kisha akaketi juu ya mzizi, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Sada alikaa kando yake bila kumgusa. Ukungu uliwapita. Baada ya muda Biubwa akasimama, akasema bado yapo matawi manne, wakaendelea.

Waliporudi Adamu alikuwa barazani. Sada aliingia ndani moja kwa moja, akafunga mlango.

"Ulijua," Biubwa alisema.

Adamu alizungusha fimbo mkononi. Hakujifanya hajaelewa. "Nilikuwa kijana, Biubwa. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ukijua utaondoka."

"Niliondoka, Adamu. Ulinipakia begi wewe mwenyewe."

"Ndiyo," alisema Adamu taratibu. "Lakini kwa neno langu. Si kwa lako."

Biubwa alikuwa na mengi ya kusema, na mengine alikwisha kuyapanga njiani akiteremka kutoka msituni. Yote yalimtoka kichwani. Alimwona mama yake kwenye kile kiti cha ukumbini. Alijiona yeye mwenyewe akiwajibu watu kabla hawajamaliza swali. "Mama yangu amekufa," alisema mwishowe. "Amekufa akijua mimi ni mgumba. Huyo nani atakwenda kumwambia?"

Adamu alisema Mungu amsamehe. Biubwa hakuitikia amina.

Hakulala kwao. Sada alimsindikiza mpaka njia panda, akampa namba yake ya simu na kikapu cha viazi, akamshika mikono miwili. Boksi tupu Biubwa aliliacha pale kwao. Sada alisema litamfaa kuwekea vifaranga.

Aliporudi Kerege alimpigia simu Bwanaheri. Alimweleza yote, kuanzia Kilosa mpaka hospitali ya misheni. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wanaopakia mzigo. "Pole, dada," Bwanaheri alisema. "Lakini hayo si ya zamani? Sasa yatakusaidia nini?" Akasema atampigia jioni. Hakupiga. Friji Biubwa alimpa fundi wa vyuma chakavu, akalichukua bila kulifungua.

Msimu wa mvua ulipofika Sada alipiga. Alikuwa amepanda kule juu kutafuta kuni. Baadhi ya matawi ngedere walikuwa wameyachana. Miti miwili ilikuwa imekatwa nguzo. Kwenye mti mmoja aliona vitu vyeupe vidogo sana, lakini hakuwa na hakika kama ni maua au ni utando wa buibui, na macho yake siku hizi si mazuri. Biubwa alimuuliza vilikuwa upande gani wa tawi. Sada hakukumbuka.

Pale Kerege kulikuwa na arusi, na wanawake wa mtaa waliitwa kusaidia jikoni. Biubwa naye alikwenda, kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Waliketi kwenye mikeka uani, duara, mabeseni katikati, wakimenya vitunguu. Mazungumzo yalikwenda kwenye wakwe, wajukuu, ada za shule. Mwenye nyumba iliyotazamana na yake, mwanamke mchangamfu asiye na baya, akamgeukia.

"Na wewe, Bi Biubwa? Hukujaaliwa?"

Miaka yote jibu lilikuwa tayari mdomoni. Safari hii alilimeza, akatafuta jingine, na lilipotoka lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mume wangu alikuwa hazai."

Visu vilisimama. Kisha jirani yule akacheka, kicheko cha kirafiki kabisa, akampiga Biubwa begani kwa mkono uliolowa.

"Aa, shoga yangu! Hivyo ndivyo tunavyosema sote."

Duara zima likacheka naye. Hawakuwa na ubaya. Mmoja akasimulia habari ya shangazi yake aliyesema vilevile mpaka akafa, na mazungumzo yakaendelea yakafika kwenye bei ya mchele. Biubwa alifungua mdomo aeleze, kuhusu Kilosa, kuhusu ngiri, akaona kwamba hakuna tena anayemtazama. Mwanamke aliyeketi mkabala naye akamwomba amsogezee beseni la vitunguu. Akamsogezea.